Kidole tumbo kwa wanafunzi wa bweni: chanzo chake ni nini, na usiku nitajuaje kwamba hili si tumbo la kawaida?

matroni_bwenini

Habari za jioni wakuu. Swali langu linaelekea kwa madaktari, manesi na yeyote anayelifahamu jambo hili kwa undani.

Nasimamia bweni la wasichana, kidato cha kwanza hadi cha nne. Zahanati iko jirani lakini usiku hufungwa, na hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Tumbo ndilo lalamiko la kila siku hapa: hedhi, kufunga choo, maharage yasiyoiva vizuri, hofu ya mtihani. Katikati ya hao wote ndimo anamoweza kujificha mwenye kidole tumbo.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwanza, chanzo chake hasa. Wanafunzi wanaambiana kwamba ni mchanga kwenye wali, mbegu za mapera na nyanya, au kukimbia mara tu baada ya kula. Baadhi ya wazazi wanasema ni chango na wanatuma dawa za kuchemsha. Pili, sina kipimo chochote zaidi ya kipimajoto, sasa niangalie nini hadi niamue kumwamsha dereva saa nane usiku? Tatu, kwa nini husemwa kwamba maumivu yakikatika ghafla ndipo hatari imeingia?

dkt_wa_zamu

Matroni, pole na majukumu. Nianze na chanzo, kwa sababu ukishakielewa, dalili na hatari zake hutazikariri, zitakuja zenyewe.

Kidole tumbo ni mrija mwembamba ulioota pale utumbo mpana unapoanzia, chini upande wa kulia. Kwa watu wengi urefu wake ni sentimita 6 hadi 10. Ncha yake imefungwa, na upande wa pili unafunguka ndani ya utumbo mpana kwa njia nyembamba ya milimita chache tu. Kuta zake hutoa ute muda wote, na ute huo hutokea kwenye njia hiyo. Ugonjwa unaanza njia inapoziba. Ute unaendelea kutengenezwa lakini hauna pa kwenda, mgandamizo wa ndani unapanda, mishipa inayorudisha damu inabanwa, ukuta unavimba, na bakteria ambao siku zote walikuwamo humo bila madhara wanazaliana na kuuvamia ukuta. Mgandamizo ukizidi, hata damu ya kuulisha ukuta haiingii. Mshipa unaokilisha kidole tumbo ni mmoja na hauna wa kuusaidia, hivyo ukiziba nyama inakufa: inageuka rangi ya kijivu na kijani, kisha nyeusi, halafu inatoboka. Ndani ya saa 24 za mwanzo wengi huwa hawajatoboka. Baada ya saa 36 uwezekano unapanda kadiri saa zinavyosogea, na kwa mtoto mdogo mambo huenda mbio zaidi ya hapo.

Kinachoziba ni nini? Mara nyingi ni kinyesi kilichokauka na kushikana na madini ya kalisi hadi kikawa kigumu kama kokoto. Au ni tezi ndogondogo za kinga zilizomo ndani ya ukuta wa kidole tumbo chenyewe. Tezi hizi ni nyingi zaidi utotoni na ujanani, na mtu akipata maambukizi, yawe ya kifua au ya tumbo, huvimba na kuubana mrija kwa ndani. Hiyo ni sababu mojawapo ya ugonjwa huu kuwaandama zaidi watu wa miaka 10 hadi 30, yaani rika lile lile ulilonalo bwenini. Kwa mazingira yetu ongeza minyoo, ambayo huingia yenyewe ndani ya mrija, na mayai ya kichocho, ambayo hukaa kwenye ukuta na kuacha makovu yanayoubana. Mara chache huwa ni kifua kikuu cha tumbo. Kwa mtu aliyevuka miaka 40 lazima pia uulize kama kuna uvimbe wa saratani pale mdomoni mwa mrija.

Mbegu za matunda zimewahi kukutwa ndani ya vidole tumbo vilivyokatwa, lakini ni nadra mno, na kukutwa kwake si ushahidi kwamba ndizo zilizoanzisha ugonjwa. Wasichana wale mapera yao kwa amani. Mchanga kwenye wali unaharibu meno, upepeteni kwa sababu hiyo. Kukimbia baada ya kula hakuhusiki kabisa: chakula kinafika eneo lile saa kadhaa baada ya kuliwa, na wakati huo ni uji tu. Ninachokubaliana nacho ni kuongeza mboga za majani, matunda na maji ya kutosha, maana choo kigumu kinahusishwa na vijiwe vile, na kuwapa dawa ya minyoo kwa ratiba. Hata hivyo hakuna chakula kinachomhakikishia mtu kwamba hatapata kidole tumbo.

Sasa swali lako la tatu. Utumbo hauna neva za kuonyesha mahali hasa panapouma. Taarifa zake huingia kwenye uti wa mgongo kwa njia moja na taarifa za ngozi ya kitovuni, kwa hiyo maumivu ya mwanzo mgonjwa huyasikia katikati ya tumbo, yakiwa mazito na yasiyoshikika. Uvimbe ukifika nje ya kidole tumbo na kuugusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, utando huo unajua mahali vizuri sana. Hapo ndipo maumivu "yanahamia" chini kulia na kuwa makali, kwa kawaida ndani ya saa chache hadi siku moja. Kikitoboka, mgandamizo uliokuwa unauma unashuka kwa mkupuo, na mgonjwa anaweza kupata nafuu ya saa chache, akaomba hata chai. Wakati huo usaha na kinyesi vimeshamwagika ndani. Maumivu yanarudi tumbo zima, tumbo linakakamaa, homa inapanda, mapigo yanaenda mbio, midomo inakauka. Aliyekuwa na maumivu makali chini kulia kwa siku nzima na sasa anasema ameshapona bila matibabu, huyo ndiye wa kuwahishwa kuliko wote.

sista_wodi_ya_upasuaji

Daktari ameeleza vizuri. Niongeze la usiku, pale kitandani, kwa mpangilio ambao mtu asiye daktari anaweza kuufuata.

Anza kwa kuuliza kipi kilitangulia. Kwenye kidole tumbo kwa kawaida maumivu hutangulia, kichefuchefu na kutapika mara moja au mbili hufuata. Akitapika kwanza, kisha akaharisha maji mengi, halafu tumbo likawa linasokota na kuachia, hapo uwezekano mkubwa ni chakula. Uliza maumivu yalianzia wapi na sasa yako wapi, akuonyeshe kwa kidole kimoja. Akionyesha kitovu kwa kiganja kizima jioni, na saa sita usiku akaonyesha kwa kidole kimoja chini kulia, umeshapata taarifa kubwa.

Hamu ya kula ni kipimo kizuri sana. Usimpe chakula, muulize tu: "Ukiletewa chipsi mayai sasa hivi, utakula?" Anayetamani chipsi mara chache huwa na kidole tumbo. Mgonjwa halisi hata harufu hataki.

Mtazame anavyokaa. Wa kidole tumbo hutulia, hataki kuguswa wala kutikiswa, mara nyingi amekunja goti la kulia. Anayejinyonganyonga na kugeuka kila upande mara nyingi ana tatizo jingine, kama kijiwe cha figo. Mwambie akohoe mara mbili: akishika chini kulia na kukunja uso, iandike. Kama anaweza kusimama, asimame kwa ncha za vidole kisha ashushe visigino kwa kishindo kidogo. Mtikisiko ule ukimchoma chini kulia, utando wa tumbo umeshaguswa.

Ndipo umguse. Alale chali, magoti yamekunjwa, mikono yako isiwe ya baridi. Anzia chini kushoto, palepale mbali na maumivu, ukimtazama usoni si tumboni. Ukibonyeza kushoto akasema panauma kulia, hiyo ni dalili nzito. Kisha tafuta ncha ya mfupa wa nyonga wa kulia, vuta mstari wa kufikirika kutoka hapo hadi kitovuni, ugawe mara tatu. Theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa ndiyo sehemu ya kubonyeza, kwa vidole viwili, taratibu, mara moja. Usirudie rudie na usiwaite wenzako watatu nao wabonyeze.

Joto mwanzoni huwa la wastani, 37.5 hadi 38.5. Likiwa 39 na zaidi tangu saa ya kwanza, fikiria malaria, figo au homa nyingine. Likifika 39 siku ya pili ya maumivu, fikiria kwamba kimeshatoboka. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakiwa zaidi ya 100 akiwa amelala ametulia, si jambo la kupuuza.

Uamuzi: wapasuaji wana kanuni ya zamani kwamba tumbo lililomshika kwa nguvu mtu aliyekuwa mzima na likaendelea kwa zaidi ya saa 6 ni la hospitali hadi ithibitike vinginevyo. Wewe uko mbali, usisubiri saa zote hizo. Maumivu yakishahamia chini kulia, na akikohoa panachoma, mwamshe dereva, hata kama joto ni 37.

Kuanzia hapo asile wala asinywe, asukutue mdomo tu. Anayepewa usingizi tumbo likiwa na chakula anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, kwa hiyo ule uji mnaompa "apate nguvu" unaweza kuchelewesha upasuaji kwa saa 6. Panadol kwa funda moja la maji haitaharibu kitu, ila andika saa uliyompa.

Haluli, sanamaki, mafuta ya mbarika au kumwingizia maji ya dawa njia ya haja kubwa, hapana kabisa. Vyote vinalazimisha utumbo ujikaze, na ukuta uliokwisha kulegea unapasuka. Dawa za chango nyingi zinafanya kazi hiyo hiyo ya kuharisha. Kukanda tumbo na kuweka chupa ya maji moto pia hapana. Na tafadhali msimwanzishie Flagyl vidonge vitatu vya duka la dawa: haviponyi, vinapunguza dalili kwa siku moja, na daktari anapokea picha iliyochanganyika.

Njiani alale chali au kwa ubavu, mto chini ya magoti, dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Andika kwenye karatasi: maumivu yalianza saa ngapi na wapi, yalihama saa ngapi, ametapika mara ngapi, alikula mara ya mwisho saa ngapi, amepewa dawa gani, hedhi ya mwisho tarehe gani, joto na mapigo kila ulipopima, mzio wa dawa kama upo, na simu ya mzazi. Daktari wa zamu anaanza kazi mapema zaidi akiikuta.

Tabibu_Mkuu_wa_Kijiji

Kwa kuwa bweni ni la wasichana, nisisitize mambo ambayo hukosewa sana ngazi ya zahanati na kituo cha afya.

La kwanza ni kipimo cha ujauzito. Mimba iliyotungwa nje ya kizazi upande wa kulia inauma mahali pale pale, na inaua kwa kutokwa damu ndani, haraka kuliko kidole tumbo. Kila msichana aliyevunja ungo mwenye maumivu chini ya tumbo apimwe, awe amekiri au amekana, kwa faragha na bila karipio. Akiwa amepauka, ana kizunguzungu akisimama, au anaumwa ncha ya bega, hiyo ni dharura ya dakika. Kipo pia kifuko cha mayai kilichojisokota: maumivu huja ghafla kwa nguvu zote, upande mmoja, na kutapika sana. Nacho kina saa chache tu kabla hakijafa. Maumivu ya katikati ya mzunguko, kama siku ya 14, ni mepesi zaidi na huisha ndani ya siku moja au mbili bila homa.

La pili ni mkojo. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kulalia kibofu au mrija wa mkojo, na chembe nyeupe chache zikaonekana kwenye kipimo. Majibu yanaandikwa "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mgonjwa anapewa vidonge vya siku 5, siku ya tatu anarudi tumbo limekakamaa. UTI ya kweli ina kuungua wakati wa kukojoa na haianzii kitovuni.

La tatu ni Widal, kipimo cha damu cha homa ya matumbo. Katika maeneo yetu wengi wana alama za homa ya matumbo kwenye damu kutokana na maambukizi ya zamani, kwa hiyo majibu ya 1:80 au 1:160 peke yake hayathibitishi kitu. Homa ya matumbo huanza na homa inayopanda kwa siku kadhaa, tumbo huja baadaye. Maumivu yaliyoanza leo asubuhi kabla ya homa hayafanani nayo.

Pia msiwe watumwa wa dalili za vitabuni. Kwa watu wengi kidole tumbo kimelala nyuma ya utumbo mpana. Hapo ukibonyeza mbele panauma kidogo tu, na maumivu yako ubavuni au mgongoni. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, vuta mguu wa kulia kwenda nyuma ukiwa umenyooka. Akiumia, msuli ulio nyuma ya utumbo umeguswa na uvimbe. Kikiwa kimening'inia kwenye nyonga, anaharisha choo kidogo kidogo chenye ute na kukojoa mara kwa mara, na wengi hao hupelekwa kwenye tiba ya amiba. Mjamzito maumivu yake yanaweza kuwa juu zaidi kwa sababu mji wa mimba unasukuma kila kitu, na kikitoboka hatari ya kupoteza mimba inakuwa kubwa. Watoto chini ya miaka 5 na wazee hufika wengi kikiwa kimeshatoboka. Wenye selimundu wanaweza kudhaniwa wako kwenye maumivu yao ya kawaida. Na kwa walio na bweni la wavulana: kila mvulana mwenye maumivu chini ya tumbo akaguliwe korodani, maana kijana anaona aibu kusema, na korodani iliyojisokota inabaki hai kwa takriban saa 6 tu.

Hospitali watatumia alama za Alvarado za kukadiria uwezekano wa kidole tumbo, zilizotolewa mwaka 1986, jumla 10. Maumivu kuhama 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, maumivu ya kubonyeza chini kulia 2, maumivu ya kuachia mkono ghafla 1, joto kuanzia 37.3 alama 1, chembe nyeupe za damu zaidi ya 10,000 alama 2, na chembe nyeupe changa kuongezeka 1. Chini ya 5 uwezekano ni mdogo, 5 na 6 abaki wodini akaguliwe tena kila baada ya saa chache, 7 na zaidi mpasuaji aitwe. Ukitazama vizuri, alama 7 kati ya hizo zinapatikana bila maabara.

Ultrasaundi ikionyesha mrija usiobonyezeka wenye unene zaidi ya milimita 6, jibu limepatikana. Ikiandikwa "kidole tumbo hakikuonekana", maana yake ni hiyo tu, hakikuonekana. Haimaanishi kiko salama. Vivyo hivyo chembe nyeupe za kawaida saa za mwanzo hazimtoi mtu hatarini.

matroni_bwenini

Nashukuru sana, nimenakili yote kwenye daftari la zamu. Nina mawili yaliyobaki. Kuna wazazi wanasema siku hizi kinatibiwa kwa sindano bila kupasuliwa, na wanagoma kusaini. Je, ni kweli? Na mwanafunzi aliyepasuliwa akirudi bwenini, nimwangalie vipi?

dkt_wa_zamu

Ni kweli kwa sehemu, na wazazi waelezwe ile sehemu nyingine pia.

Utafiti wa Ufini uitwao APPAC uliwafuatilia watu wazima waliotibiwa kwa viuavijasumu pekee. Ndani ya miaka 5, takriban 39 kati ya 100 ugonjwa uliwarudia. Ule wa Marekani, CODA, uliochapishwa 2020, ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 walipasuliwa ndani ya siku 90, na waliokuwa na kijiwe cha kinyesi walikuwa 4 kati ya 10. Hao wote walithibitishwa kwa picha kwamba kidole tumbo hakijatoboka, walianza kwa dawa za mshipa, na hospitali ilikuwa karibu. Kwa msichana anayerudi bweni lililo saa moja na nusu kutoka hospitali, na ambaye hakupigwa CT skani, ushauri wangu ni upasuaji. Mzazi akikataa, asisaini akiwa hajaambiwa takwimu hizi.

Kuhusu kusaini: walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ndiye anayekubali. Mpigieni mzazi mnapoondoka shuleni, si mnapofika hospitali. Muda unaopotea getini kwa kumtafuta baba kwenye simu ni muda wa kidole tumbo kuoza.

Upasuaji wenyewe si mkubwa kikiwa bado kizima. Dripu, viuavijasumu vya seftriaksoni na metronidazoli ndani ya saa moja kabla ya kisu, usingizi, mkato mfupi chini kulia au matundu matatu madogo ya kamera, msingi wa kidole tumbo unafungwa na kinakatwa. Kwa kawaida saa moja inatosha. Kikishatoboka mambo ni mengine: mkato mara nyingi unakuwa mrefu wa katikati, usaha unanyonywa, dawa za mshipa zinaendelea kwa siku kadhaa, na hatari ya kidonda kuoza au usaha kujikusanya upya ni kubwa zaidi. Bakteria wakiingia kwenye damu, shinikizo linashuka na figo zinaanza kugoma. Wakipanda na mshipa unaopeleka damu kwenye ini, majipu yanaota huko. Hivi ndivyo ugonjwa huu unavyoua, na ndiyo maana siku ya kwanza ina thamani kubwa.

Kuna hali ya kati ambayo watu hawaielewi. Mgonjwa aliyechelewa siku 3 hadi 5, mwili wenyewe unaweza kukizungushia kidole tumbo mafuta na matumbo na kukifungia humo. Daktari anagusa bonge. Kulipasua bonge hilo kwa haraka kunaweza kuutoboa utumbo, kwa hiyo mara nyingi anapewa dripu na dawa, mipaka ya bonge inachorwa kwa kalamu juu ya ngozi na kulinganishwa kila siku, kisha baada ya wiki 6 hadi 8 inaamuliwa kama kikatwe. Mzazi asidhani mtoto ametelekezwa. Likigeuka jipu, usaha unatolewa na kidole tumbo kinaweza kuachwa. Mfalme Edward VII wa Uingereza alitolewa jipu la namna hii tarehe 24 Juni 1902, siku mbili kabla ya kutawazwa kwake. Sherehe ikaahirishwa, akatawazwa tarehe 9 Agosti.

sista_wodi_ya_upasuaji

Akirudi bwenini, kwanza mpe kitanda cha chini cha deka. Kupanda kitanda cha juu kunavuta misuli ile ile iliyokatwa.

Aliyepasuliwa mapema kwa kawaida hutoka hospitali siku ya 1 hadi ya 3. Atembee kila siku, asilale tu. Kidonda kikae kikavu. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa siku ya 7 hadi ya 10. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: asiibebe kwa wiki 4 hadi 6 kama ni mkato wa wazi, wala asifyeke, asichimbe, asicheze netiboli. Wa matundu madogo hurudi mapema zaidi, mfuateni daktari aliyempasua. Chakula ale cha kawaida, matunda na mboga ziwe nyingi ili asijikamue chooni, na akikohoa ashikilie mto juu ya kidonda.

Kidonda kikiwa chekundu, cha moto, kimevimba au kinatoa maji yenye harufu, hasa kuanzia siku ya 3 hadi ya 7, arudi hospitali, asikamuliwe bwenini. Homa inayorudi kati ya siku ya 5 na ya 10, ikiambatana na choo cha ute cha mara kwa mara na uzito sehemu ya haja kubwa, ni ya usaha uliojikusanya kwenye nyonga. Watu huidhania malaria. Mpime malaria sawa, lakini apelekwe siku hiyo hiyo.

Miezi au hata miaka baadaye, makovu ya ndani yanaweza kuufunga utumbo. Aliyewahi kupasuliwa tumbo akianza kutapika kijani, tumbo likajaa, na asitoe choo wala hewa, asipewe chochote mdomoni na aondoke mara moja.

Kuna karatasi moja muhimu: fomu ya kuruhusiwa hospitali. Kovu la chini kulia halithibitishi kwamba kidole tumbo kimetolewa. Aliyetibiwa bonge kwa dawa, au aliyetolewa usaha tu, bado anacho, na kinaweza kumrudia. Nakala ya fomu hiyo ikae kwenye faili lake la afya shuleni, na juu yake mwandike kwa wino mwekundu kama kidole tumbo kimetolewa au bado kimo.